Wageni wa Eedo

Nimechoka, rafiki yangu, na si uchovu wa basi tu. Nilikwenda Garissa kumjulia hali abti, ndugu wa marehemu mama yangu, aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za waliokufa, kisha nikasema ngoja nipite mtaa wetu wa zamani kabla jua halijawa kali. Ningejua, ningebaki kwenye chai.

Mgunga wa Eedo, ule mti wa miiba, haupo. Mahali pake kuna ghorofa la rangi ya krimu, juu ya ghorofa kuna matangi meusi ya maji, na juu ya matangi walisimama korongo wawili, shingo wamekunja, kama watu waliofika msibani wakakuta wenyewe wameshahama.

Unawajua ndege hawa? Ni warefu kumfikia mtoto wa shule kifuani, kichwa kina upara wenye mabaka, mfuko wa ngozi unaning'inia shingoni, na miguu ni myeupe kwa kinyesi chao wenyewe. Hawaimbi. Hugonganisha midomo tu, ka-ka-ka, usiku na mchana. Mwalimu wetu, mtu wa bara, ndiye aliyetufundisha kwamba Kiswahili chao ni korongo, akaongeza kwamba huko kwao hukaa majaani na hakuna anayewapenda. Hata kwetu hakuna aliyewapenda, isipokuwa Eedo.

Eedo ni shangazi kwa Kisomali, ila yeye hakuwa shangazi wa mtu. Hakuwa na mume wala mtoto, na ukoo wake watu waliutaja kwa kusitasita. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo kichinjioni. Jioni alirudi na ndoo ya mabaki kichwani, na korongo wakashuka mmoja mmoja na kumfuata kwa miguu katikati ya barabara, kama mbuzi na mchungaji wao, kupita hoteli, kupita msikiti, hadi nyumbani. Wenye mikokoteni ya punda walisimama wapite. Yeye hakugeuka hata mara moja. "Polepole!" aliwakaripia. "Nani amewanyima?"

Kifaranga akianguka kutoka kwenye kiota alimfunga mguu kwa kitambaa na kumlaza kwenye kreti chini ya kitanda chake. Mwaka ule wa ukame mkubwa, maji ya mkokoteni yalipokuwa adimu hata mama zetu wakatupimia ya kunawa, Eedo alijaza karai na kuliweka chini ya mgunga. Watu walisema ana wazimu, lakini walisema kwa mapenzi, maana kila mtoto aliyeugua pale mtaani alikuwa amewahi kunywa supu yake ya kichwa cha mbuzi.

Aliyeteseka alikuwa Ayeeyo, bibi yangu, ambaye ua wake ulipakana na ua wa Eedo. Ayeeyo alikuwa fundi wa nyirinyiri. Alikata nyama ya ngamia mikanda mirefu, akaianika kwenye waya hadi ikakauka, kisha akaikatakata vipande vidogo na kuikaanga kwa samli na iliki, na harufu yake ilitutoa madrasa kabla ya maalimu kuturuhusu. Karibu na Ramadhani moja alianika nyama ya nyumba nzima. Tulipotoka kuitazama, nusu ilikuwa imepakwa kinyesi, na korongo mmoja alikuwa akipaa na mkanda mrefu kuliko yeye. Ayeeyo alivua kiatu akarusha. Kikampita ndege, kikanasa kwenye kiota, kikabaki huko.

Alikwenda kwa wazee wa mtaa akiwa na kiatu kimoja. Alitaka mti ukatwe.

Wazee walikaa barazani mwa duka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukaa chini ya mti wenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya Ayeeyo nimeshika birika. Eedo alifika moja kwa moja kutoka kazini, akaweka ndoo chini, na korongo wake wakasimama nje kumngojea, jambo lililowafanya hata wazee watazame pembeni ili wasicheke.

"Hawa siwezi kuwatoa," alisema. "Hawa ni magan wangu."

Neno hilo si la mzaha kwetu. Magan ni yule aliyekimbilia mlangoni kwako akiwa hana mtu, ukampa maji, ukasema mbele za watu: huyu yuko nami. Tangu hapo anayemgusa amekugusa wewe.

Mzee mmoja akatabasamu. "Walaal, ndugu yangu, magan ni binadamu. Hawa hata ukoo hawana."

"Na mimi nilikuwa nao?" Eedo hakupandisha sauti. "Mama yangu alinileta hapa mgongoni kutoka upande wa Lafey. Ndugu zake wameuawa, ngamia wameondoka. Mlango wa kwanza tuliobisha tulipewa maji, na mwenye nyumba akasema, hawa wako nami. Hakuuliza sisi ni kina nani. Ndege hawa walikuja mwaka wa ukame, wakatua mlangoni kwangu, wakanywa. Nimesema wako nami. Mkitaka kuwakatia mti, nivunjieni nyumba kwanza."

Nadhani zaidi ya mmoja pale alikumbuka baba yake mwenyewe alivyofika mjini. Wakaamua hivi: mti usiguswe maadamu Eedo, au mtu wa nyumba yake, yupo pale kuwasemea ndege. Na Ayeeyo ahamishe waya wake.

Kila mtu alielewa walichokiamua. Eedo hakuwa na mtu wa nyumba yake. Walikuwa wameupa mti umri wa mwanamke mzee aliyeanza kukohoa. Naye alielewa pia, maana kuanzia hapo ndipo tulipoanza kumwona akiwa na hofu. Alikuwa akiwasimamisha wanawake njiani, ndoo kichwani, na kuwauliza, "Nikiondoka, nani atawasemea?" Wanawake walijibu kwamba Mungu yupo, wakaendelea na safari zao. Ayeeyo naye alijibu hivyohivyo, tena bila kusimama.

Alifariki wakati wa kiangazi, viota vikiwa vimejaa vifaranga. Ayeeyo alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Alirudi nyumbani akiwa hataki kula. Siku chache baadaye mwenye ploti aliyokuwa akikaa Eedo akaja na watu wa mashoka, na kwa kuwa neno la wazee lilikuwa likijulikana, alisimama langoni kwanza akauliza kwa sauti kama kuna mtu yeyote wa nyumba hii.

Ayeeyo alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini.

"Yupo."

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Yule bwana alicheka. "Si wewe uliyeshtaki?"

"Nilishtaki kwa sababu ya nyama yangu. Leo nasema hawa wako nami, na majirani hawa wote wamesikia. Una neno lingine?"

Akawaashiria watu wake wabebe mashoka yao. Walipoondoka, Ayeeyo alivuka ua, akajaza karai, akainua uso kuwatazama ndege. "Mna sura mbaya," aliwaambia. "Na kiatu changu nakitaka."

Hakurudishiwa. Lakini miaka yote aliyobakiza, baada ya sala ya alfajiri, karai lile lilijazwa kabla ya birika letu, nasi tulikula anjera yetu na chai ya maziwa ya ngamia huku midomo ikigongana juu yetu, ka-ka-ka, hadi tukaacha kuisikia. Nilimwuliza mara moja kwa nini alikubali. Alisema, "Mungu yupo, lakini aliyeulizwa ni mimi."

Kisha naye akaondoka. Mimi nilikuwa Nairobi na kazi na watoto, mama akaja kukaa nasi, na nyumba ikabaki bila mtu. Sijui mti ulikatwa siku gani. Ningependa kujua kama walikiona kiatu.

Nilikuwa bado nimesimama nikiyatazama matangi pale mlinzi wa ghorofa aliponijia na kunisemesha kwa Kiswahili, kama mgeni. "Mama, unatafuta nyumba? Iko moja imebaki, juu."

Nilimjibu kwa Kisomali. Akaona haya, akacheka, akaniomba radhi. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Griftu, mifugo yake ilimalizwa na ukame, ndiyo maana yuko hapa. Mkononi alikuwa na mawe madogo. Alieleza kwamba ndege hawa wanachafua matangi na wapangaji wanalalamika, akainua mkono kurusha.

"Usiwapige," nikasema. "Hao ni magan."

Mkono ukashuka. Sikuhitaji kumweleza neno. "Magan wa nani?"

"Wangu. Wa nyumba yetu, iliyokuwa hapa."

Alinitazama, akawatazama korongo, kisha akayaweka mawe juu ya ukuta taratibu, kwa heshima. Wallahi, kwa muda ule mfupi nilijisikia mtoto tena, nimeshika birika, na kila kitu kilichonizunguka bado kina mwenyewe wa kukisemea.

"Haye, sawa," akasema. "Na wewe unakaa wapi siku hizi?"

"Nairobi. Basi langu ni saa nane."

Akatikisa kichwa polepole, bila kejeli, kama mtu anayetoa pole. Tuliagana vizuri, akanitakia safari njema na kunipa salamu za watoto. Nilikuwa nimefika kona ya msikiti niliposikia jiwe la kwanza likigonga tangi.