Kishikio cha Mlango wa Gari la Marekani

Bosi wangu pale mtaani Malaz alinunua gari jipya kutoka Marekani, kubwa kama nyumba. Mwezi wa kwanza kioo cha dirisha kiligoma kupanda. Wa pili, kishikio cha mlango kiling'oka nikiwa nimekishika. Bosi alifoka, "Halas, basi! Unashika gari kama jembe!" Nikamkabidhi kishikio chake. Mimi ni dereva tu, na ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, anaiweka yeye.

Gari likapelekwa gereji, nami nikapewa lile kuukuu la Kijapani, la kubebea mbuzi na mitungi ya maji. Nililiendesha hadi Jeddah na kurudi, na kila niliposimama niliibamiza milango yake makusudi, kwa hasira. Haikulegea hata skrubu moja.

Niliporudi, bosi alilizunguka akitabasamu, akanipiga begani. "Umeona? Sasa umejifunza kushika gari."

Siku hiyohiyo akanirudishia ufunguo wa lile la Marekani, limeshatengenezwa. Nilikigusa kishikio kipya kwa vidole viwili, polepole, kama ninayemwamsha mgonjwa. Kikabaki vidoleni.

Bosi alikuwa bado amesimama pale, akiitazama mikono yangu.