Mpira Uliofungiwa Kabatini

Mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, ni nesi wa chumba cha kamera ya tumbo. Mtaani wanamwita Mkandamizaji, maana daktari akiingiza mpira wenye kamera utumboni, yeye hukandamiza tumbo kwa nje ili mpira usijikunje. Ni kazi ya kupapasa. Kamera inaona mbele tu, kilichojikunja nyuma haikioni. Basi anakandamiza hapa, anakandamiza pale, mgonjwa analia, daktari anamfokea yeye. Akirudi nyumbani yuko hoi, na bado anauliza, "Mama, umekula?" Mwanamke wa namna hiyo simwachi asemwe.

Mwaka huu nikaanza kutoka damu chooni. Wakanilaza kitandani kwenye chumba kile kile cha mkwe wangu, mpira ukakwama, nikauma shuka kwa maumivu. Daktari akasema, "Bibi, wewe mkaidi, unakaza tumbo." Mkaidi ni kweli, lakini si kwa tumbo. Wakaniacha njiani, eti nirudi tena.

Siku ile mkwe wangu akafyatuka jikoni, akanitolea siri. Kumbe upo mpira mwingine, mpya, ndani yake umepitishwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwanga unapita ndani ya uzi, na mpira ukipinda popote, runinga inachora umbo lake lote, kichwa mpaka mkia.

"Uko wapi?"

"Kabatini, kwenye nailoni yake. Mkubwa wetu anaogopa kioo kitavunjika. Hutolewa wageni wakija kutazama."

"Kama vikombe."

"Kama vikombe vyako, mama," akasema, macho kwenye sufuria.

Vikombe vyangu vikikaa kabatini hakuna anayekufa.

Siku ya kurudi nikakaa kitandani wima. "Toeni ule wa kabatini."

"Ule ni ghali, bibi," daktari akasema.

"Na mimi niliokotwa?"

"Ukivunjika je?"

"Mbona mimi mlinivunja na hamkuogopa?"

Ufunguo alikuwa nao mkwe wangu. Daktari akamtazama, yeye akanitazama mimi. Akaenda kufungua. Nailoni ikalia kwarakwara chumba kizima.

Kwenye runinga mpira ukachorwa kama nyoka wa kijani, katikati kitanzi kikubwa. "Hakazi tumbo," mkwe wangu akasema taratibu. "Ni kitanzi." Daktari akaurudisha nyuma kidogo, mkwe akakandamiza pale pale kilipo, mpira ukanyooka, ukapita. Kinyama kilichokuwa kikitoa damu kikaonekana, kikakatwa.

Nikadhani mambo yamekwisha. Keshoye mkubwa wao akaurudisha kwenye nailoni, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Mkwe wangu amerudi kupapasa, na kufokewa.

Basi kila siku ya kliniki naenda kukaa benchi la nje ya chumba kile, mzima wa afya. Kila anayeitwa namwambia: usipande kitandani mpaka kabati lifunguliwe. Mlinzi ameshanifukuza, nikarudi na mto wa kukalia.