Stelingi Aliyekataa Kufa

Juzi hapa Handeni, kwenye kibanda changu cha kuingizia watu nyimbo na muvi kwenye simu, kaja mzee mmoja na flashi. "Kijana, humu kuna sinema ya vichekesho ya zamani. Niwekee, ila hizo kelele za Kizungu zipunguze." Nikaichomeka huku nacheka. Kwenye kioo akatokea bwana mmoja na kofia pana, kalala mchangani anajifanya amekufa. Halafu akapiga chafya.

Rafiki yangu, mimi ni mtu wa utani, hata msibani wananikalisha mbali na wazee. Lakini pale nilishika meza kwa mikono miwili, mpaka mzee akauliza kama nimepigwa na shoti.

Ile sinema naijua kuliko nilivyolijua darasa la saba. Tulikuwa tunakaa kambini Ngombezi, baba akiwa mkata mkonge. Jumapili anaoga, anavaa shati lake la kola, na bado mikono inanuka ule uchachu wa mkonge ambao sabuni haiuwezi. Tunatembea hadi Manundu, pale Korogwe, kwenye banda umiza la kuonyeshea video. Mabati juu, magunia madirishani, mabenchi ya mbao yanakufinya makalio, joto la kuivisha ndizi. Mlangoni mama mmoja anakaanga mihogo, anaipasua katikati na kuijaza kachumbari na pilipili. Ukitoka humo hujui kama chozi ni la kicheko au la pilipili.

Mbele anakaa mtafsiri, kijana mwembamba, maiki yake kaifunga kwa mpira wa baiskeli. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, yaani hakuna. Lakini maneno hayakumwishia.

Sinema yenyewe ilikuwa inazicheka zile kampuni kubwa za sinema za Marekani, enzi zao za kutamba. Ukiingia ndani unakuta kila kitu cha uongo. Mvua ni bomba la maji. Theluji ni manyoya ya kuku. Malkia anayelia kwa mapenzi kapakwa kitunguu. Bosi wa kampuni ana kitambi na sigara nene, anafokea simu mbili kwa pamoja. Mtafsiri akamwita meneja wa shamba. Yule anayeongoza waigizaji kwa kipaza sauti cha mfano wa tarumbeta akawa nyapara. Na stelingi, shujaa mwenyewe wa kofia pana, pande la mwanaume, kazi yake siku hiyo ni moja tu: apigwe risasi, afe. Hawezi. Kila akilala, vumbi linamwingia puani, anapiga chafya. Nyapara anapiga kelele, watu wote wanasimama, stelingi anainuka, anajikung'uta, anaanza kufa upya.

Kelele ile mtafsiri aliigeuza, "Kata!" Hapo ndipo banda lilipochanganyikiwa. Shambani kwetu nyapara akisema kata, ndiyo umeanza hivyo, unainama mpaka jua likuchoke. Mzee mmoja nyuma akadakia, "Mbona wamesimama? Si wameambiwa wakate!"

"Wavivu hao!" mwingine akasema. "Wangeletwa Ngombezi wiki moja tu!"

Mtafsiri badala ya kueleza akaongezea kwenye maiki, "Hawa wa mshahara wa mwezi, mzee wangu, sio wa kipande kama nyie!"

Banda likapasuka. Na juu ya vicheko vyote, cheko la baba. Lilianza kwa mluzi mwembamba kama wa birika linalotaka kuchemka, likalipuka, likaishia kwenye kikohozi. Mama alikuwa analalamika kwamba cheko hilo linamfukuzia kuku wake. Mtafsiri alilipenda. Alikuwa anarekodi sauti yake kwenye kanda nyingine humo humo bandani, maana bila watu utani haumjii, na alisema muvi bila cheko la mzee wa Ngombezi ni ugali bila mboga. Kwa hiyo baba naye akaingia kwenye sinema, ndugu yangu. Hakuonekana, alisikika.

Nyumbani ukawa mchezo wetu. Anarudi kazini hoi, anajilaza kwenye mkeka, macho kafumba, ulimi nje. Mimi nampigia kelele, "Kata!" Anapiga chafya ya uongo, anainuka, anajikung'uta. "Turudie, nyapara?" Tunarudia mpaka ugali unapoa na mama anatutisha kwa mwiko.

Masika moja kifua kikamshika. Hakikumwachia.

Walimlaza kwenye mkeka ule ule, wakamfunika shuka jeupe. Nikapenya katikati ya miguu ya watu, nikainama, nikamnong'oneza, "Kata." Nikasubiri. Nikasema tena, kwa nguvu kidogo, labda hakusikia. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa amefika kutoka Handeni alfajiri ile, akaniziba mdomo kwa kanga yake. Halafu yeye ndiye akaanza kulia.

Picha ya baba tunayo moja, ya kitambulisho, kanuna kama kakanyagwa. Sauti yake hatuna. Ndiyo maana yule mzee wa flashi alipoondoka nilifunga kibanda, nikaenda Korogwe. Sinema nilikuwa nayo, safi kabisa, kila neno la Kizungu mahali pake, na baba hayumo. Nilitaka ile kanda.

Banda pale Manundu sasa ni saluni. Mtafsiri nilimkuta jirani na hapo, anauza viatu vya mitumba, nywele zimeanza mvi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. We si mtoto wa mzee cheko?"

Nikamwambia ninachotafuta. Akageuza kiatu mkononi, akakigeuza tena.

"Nilizitunza miaka yote hiyo, mdogo wangu. Mwaka huu dada yangu kule Mkumbara mpunga wake unamalizwa na ndege, nikampa gunia zima la kanda awatishie. Ungekuja kabla mpunga haujachanua."

Nikaenda Mkumbara. Kanda zimechanwa, utepe mweusi umefungwa mti hadi mti juu ya majaruba, unameta juani. Dada mtu, mama wa makamo mwenye kilemba, akanipokea vizuri. Nikajaribu kuchekesha, "Shikamoo mama. Ya vichekesho ni ipi hapa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi sijui. Zote zinalia tu."

Nikasimama kwenye tuta. Nikafikiria mabenchi yale, magunia madirishani, wakata mkonge waliowacheka matajiri wa Marekani kwa uvivu. Wengi hawapo. Kila kitu kwenye sinema ile kilikuwa cha uongo, na cha kweli kimoja kilichoingia humo kilikuwa kinaning'inia juu ya mpunga wa watu.

Upepo ukaja. Utepe ukaanza mluzi, mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Ndege wakaruka wote kwa mpigo, kama kuku wa mama.

Yule mama aliniona machozi, akachomoa kisu kiunoni, akaushika utepe uliokuwa karibu nami.

"Nikukatie kipande, mwanangu, uende nacho?"

"Hapana, mama," nikasema. "Usikate."