Jirani wa Nyuma ya Ukumbi

Harusi ya mdogo wangu niliipanga mimi kwa miezi mitano. Siku yenyewe ilipofika, nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mzee nisiyemjua, simu yangu ikiwa ndani ya kabati lake.

Nisikilizeni vizuri, maana nikisimulia watu hudhani natia chumvi.

Kazi yangu ni kupanga shughuli. Kumbi nazijua, wapishi nawajua, na bendi zinazochelewa nazijua kwa sura. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza nani atasimamia.

Sharti lilikuwa moja tu, la baba. Baba alikuwa mpiga gitaa enzi zake. Sasa vidole vimeanza kukakamaa, asubuhi hata kifungo cha shati kinamshinda. Akasema, "Mwanangu wa mwisho akiingia ukumbini, nitampigia wimbo mmoja na bendi yangu. Baada ya hapo gitaa naligawa."

Nikalipia ukumbi. Ndipo meneja akaniambia habari ya jirani.

"Kuna mzee hapo nyuma, ukuta wake na wetu ni mmoja. Ameshalalamika mara mbili kwa wakubwa wa manispaa. Akilalamika mara ya tatu tunafungiwa. Lete saini yake, la sivyo hakuna bendi. Utawekea watu muziki wa simu."

Kadi zilishatoka, na baba alikuwa anafanya mazoezi kila jioni huku vidole amevifunga kitambaa cha maji moto. Ningemwambia nini?

Nikaenda kwa yule mzee. Akanikalisha kwenye kiti kinachotazama dirisha, akakaa mbele yangu, macho yake yakanikazia usoni kama askari anayekagua kitambulisho. Nikajieleza, nikabembeleza, nikamwambia mpaka habari ya vidole vya baba.

"Nasaini," akasema. "Ila siku hiyo utakaa hapa na mimi tangu bendi inaanza mpaka inamaliza. Na simu unanipa. Sitaki uwe unawapigia wapunguze kwa sababu wewe upo. Nataka uone Jumamosi yangu ilivyo. Ukitoka kabla, natuma ujumbe kwa wakubwa."

Sikuwa na ujanja. Nikakubali.

Wiki nzima nilihangaika kupunguza sauti. Sipika nikazigeuzia upande wa barabarani. Mapazia mazito nikayatundika ukutani. Nikaazima kipima sauti, nikamwambia fundi mitambo asivuke mstari mwekundu hata kwa bahati mbaya. Gitaa la baba likashushwa mpaka likawa kama mtu anayenong'ona msibani.

Baba akalisikia kwenye majaribio. Aliangalia tu vidole vyake.

Jumamosi saa nane mchana nikawa kwenye kochi, na gauni langu la sherehe, viatu vinanibana. Mdogo wangu angeingia saa tisa kamili. Mzee akanipa soda, akafungia simu yangu kabatini, akakaa. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira bila sauti. Nikasema moyoni, huyu mtu anachukia sauti kuliko maradhi.

Bendi ikaanza kuwapigia wageni wanaoingia. Gitaa sikulisikia kabisa. Nilichosikia ni dum, dum, kutokea chini.

Mzee akainuka. Akaenda mlangoni, akafungua, akatazama kushoto na kulia, akafunga. Akarudi kukaa.

Dakika mbili hazijapita akainuka tena. Akafungua, akatazama, akafunga.

Mara ya tano presha ikanipanda. Nikajua anahesabu makosa. Kila akiinuka naona harusi ya mdogo wangu inazimwa, naona baba ameshika gitaa lisilo na umeme mbele ya wakwe. Na mimi nimekaa hapo nakunywa soda. Nilitamani kulia.

Mara ya saba nikamwambia akiwa ananipa mgongo, "Mzee wangu, ni ngoma tu hiyo. Hakuna mtu."

Nikarudia kwa sauti. Hakugeuka. Nikasimama nyuma yake, nikapiga makofi karibu na kisogo chake. Hakushtuka hata kidogo.

Alipogeuka alinikuta mikono iko hewani. Nikaishiwa pozi.

"Umewahi kugundua," akasema. "Meneja amekuja hapa mara nne, hajagundua mpaka leo. Nilifanya kazi kiwanda cha misumari miaka thelathini. Nasoma midomo tu."

"Sasa kelele zinakusumbua vipi, mzee?"

"Nani alikwambia kelele?"

Akakaa. Akanyoosha kidole kwenye picha ya msichana juu ya televisheni.

"Binti yangu. Nilimfukuza kwa hasira, miaka sita sasa. Nilimwandikia kwamba siku akirudi agonge mlango kwa nguvu, maana mlango ukigongwa nausikia kwa nyayo. Sakafu inaniambia." Akatazama miguu yake, ilikuwa peku. "Kila Jumamosi mkianza ngoma yenu, anakuja mara arobaini. Nafungua, hayupo. Ningewaandikia hivyo wakubwa? Niliandika kelele."

Kipima sauti cha watu nimekibeba wiki nzima, kumbe napima kitu ambacho mwenye nyumba hana habari nacho.

Saa ya ukutani ilisema tisa kasoro dakika kumi.

"Mzee, nipe simu. Sitapunguza sauti. Nakuapia."

Alinitazama mdomoni muda mrefu, kisha akafungua kabati. Nikampigia fundi mitambo.

"Chukueni magodoro chumba cha maharusi. Ngoma kubwa ikae juu ya godoro, na sipika nzito nayo. Kisiguse sakafu kitu chochote."

"Sawa, dada."

"Ukimaliza, gitaa la baba liongeze."

"Dada, uko salama? Kama unalazimishwa kusema hivyo, kohoa."

"Ongeza, wewe."

Tukasubiri. Ngoma ikaanza tena, na safari hii niliisikia kwa masikio, hewani. Nikamtazama mzee. Alikuwa amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, amefumba macho.

"Hamna kitu," akasema. Kisha akacheka. "Nenda. Baba yako anakungoja, na mlango wangu nitaungoja mwenyewe."

Nilikimbia viatu mkononi. Niliingia mdogo wangu akiwa katikati ya ukumbi na gitaa la baba limejaa mpaka kwenye dari. Baba alikosea mara mbili, nilisikia. Nililia mpaka shangazi akanipa mtandio wake.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri.

Alhamisi iliyofuata nikasema nimpelekee mzee keki, nimshukuru. Nikafika, na kwa kuwa sasa najua hali yake, nikagonga mlango kwa nguvu zangu zote.

Nilisikia kiti kikianguka ndani. Mlango ukafunguliwa kwa pupa. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vya kukosana, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

Halafu akaona ni mimi.

"Karibu, mwanangu," akasema, na akaipokea keki kwa mikono miwili.

Siku hizi kabla ya kwenda natuma ujumbe: ni mimi, naja, acha mlango wazi. Nawe unayepanga shughuli za watu, kabla hujashusha sauti, kaa na jirani umuulize nini hasa kinachomuumiza. Akishakwambia, kikumbuke hata siku ambayo huna shida naye. Mimi nilisahau siku tano tu baadaye, na sura ile naiona hadi leo.