Mikorosho Tuliyoacha Kuipalilia

Nakumbuka asubuhi ya mwanzo wa palizi, siku niliyokubali mikorosho yetu imezwe na nyasi. Ingekuwa leo, ningekataa.

Kijijini kwetu, upande wa Nambilanje, walikuwa wamepita wapimaji wa ardhi, na ghafla kila mtu akawa anaishi mwakani. Mgodi unakuja, tukasema. Tutahamishwa, tutalipwa fidia, tutajenga Ruangwa mjini. Hakuna aliyetuahidi, mwanangu, tulijiahidi wenyewe. Baada ya swala wazee tukakubaliana: mwaka huu hakuna kupalilia wala kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho.

Mpwa wangu Swalehe, mtoto wa dada yangu Somoe, akaja na jembe begani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho.

"Mjomba, nianzie upande gani?"

"Unampalilia nani, mwenye mgodi?" Watu wakacheka.

"Sasa nikae tu kama mgonjwa?"

"Kaa. Utaendesha gari wewe."

Dada yangu hakucheka. "Mdogo wangu, hata anayesubiri kuhama anakula leo. Mpe kijana kazi."

Nilikwisha kusema mbele za watu, nikaona haya kurudi nyuma.

Wapimaji hawakurudi. Kiangazi moto ukaingia kwenye nyasi zile, ukala mikorosho aliyopanda baba. Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo niliijua tangu shuleni, na haikunisaidia kitu. Swalehe akaja kuniaga, anakwenda Namungo kuchimba dhahabu. Ningemzuia kwa lipi? Masika yalipoanza, shimo likamfukia. Dada hakunilaumu. Ila tangu msiba ule ananiita kwa jina, kama jirani.

Mwanangu, nawe leo unasikia mengi: bei, mgodi, barabara. Iwaze kesho, tena iwaze pamoja na wenzako. Lakini palilia hata shamba unaloambiwa utalihama. Ukihama, utakuwa umekula. Ukibaki, utakuwa nalo. Na mkubwa akikuambia ukae tu, hata akiwa mjomba wako, mkatalie kwa adabu.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na akuepushe na wazee wenye hakika kama niliyokuwa nayo.

Swalehe ndiye aliyekuwa anizike. Nilimzika mimi, na ni mimi niliyemtoa shambani.