Hema Lililoletwa kwa Mtu Aliye Hai

Sina subira, na sijawahi kudai kuwa nayo. Wapangaji wangu hapa Kibera wanajua kwamba nikianza kusema, hata redio hupunguzwa sauti. Kwa hiyo msitarajie nilisimulie jambo hili kwa upole.

Katika vyumba alivyoniachia marehemu baba, kimoja alikaa fundi cherehani kutoka Kongo, mkewe na watoto wao wawili. Walikimbia vita kwao, wakaomba hifadhi hapa, wakapewa karatasi na kuambiwa wasubiri. Karatasi ilipoisha muda walienda kuiongeza, wakaambiwa wasubiri tena. Walisubiri huku wakifanya kazi, kwa sababu watoto wanakula kila siku. Fundi alikuwa na cherehani yake Kawangware, kwenye kibaraza cha duka, na gauni nililovaa Idi iliyopita alinishonea yeye.

Asubuhi moja polisi walimkuta hapo kibarazani wakamwomba kitambulisho. Akatoa karatasi. Wakasema imeisha, na kwamba mtu kama yeye mahali pake ni kambini kule kaskazini, si mjini. Walimtia garini mkono wa gauni la mteja ukiwa bado chini ya sindano.

Mkewe, ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia mwisho, alikuja mlangoni kwangu. "Mama, bwana yangu hajaiba kintu ya mutu," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Wanamufungia nini?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe ni ya zamani. Sisi Wanubi tuko Kibera tangu babu zetu walipoletwa na Mwingereza kuwa askari wake, lakini mwanangu alipoenda kutafuta kitambulisho aliketishwa mbele ya kamati, akaulizwa babu wa babu yake alitoka wapi. Nilikuwa nje ya mlango nikisikia. Basi nilipomwona yule mama amesimama na karatasi yake mkononi, damu ilinichemka.

Nikaketi kuandika. Niliwaandikia wanasiasa wote ambao picha zao zimebandikwa kwenye ukuta wangu bila ruhusa. Niliandika Kiswahili safi, cha kumheshimu msomaji: kwamba jirani yetu amechukuliwa ghafla, kwamba ni fundi hodari anayependwa na watu, na kwamba ameacha mke mjamzito na watoto wawili wadogo. Niliwaomba waingilie kati aachiliwe kabla hajapelekwa kambini, ili amwone mtoto wake akizaliwa. Barua nilizipeleka mwenyewe kwa miguu. Kwenye ofisi nyingine zilipokelewa na mlinzi wa lango, ambaye hata macho hakuyainua kutoka kwenye simu yake.

Aliyejibu ni mmoja, na cheo chake nakiacha. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu ukisema mheshimiwa yuko pamoja nasi katika wakati huu mgumu, na vitu vitaletwa kesho asubuhi. Nilidhani ni unga na blanketi. Nilimsomea yule mama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mumewe akamatwe. Kulipokucha alienda Soko la Toi kutafuta nguo za mtoto kwenye mitumba.

Hajarudi, lori likafika. Vijana wakashusha hema lenye sura ya mheshimiwa pande zote, wakashusha viti vya plastiki na spika mbili kubwa kama kabati. Kabla sijapata wa kumuuliza, hema lilikuwa limesimama mbele ya chumba cha fundi. Na hapa kwetu hema likisimama mlangoni kwa mtu, hakuna anayeuliza kazi yake. Majirani wakaanza kufika na sukari na majani ya chai, wanawake wamejifunga leso, wengine tayari wanalia.

Mama wa watu akarudi kutoka sokoni akakuta hayo. Aliona hema, akaona watu wanalia mlangoni kwake, akadhani tumepata habari kabla yake. Mfuko wa nguo za mtoto ulimponyoka, naye akaanguka papo hapo, akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena maishani mwangu. Nilimkumbatia pale chini nikimwambia mumewe hajafa. Hakuniamini. Angeniaminije, na mtaa mzima ulikuwa unamlilia?

Jamaa mmoja aliyetumwa na ile ofisi akatuinamia. "Shosh, poleni sana," akaniambia. "Mwili uko mochari gani?"

"Mwili uko selo," nikamjibu, "na unapumua."

Alilitazama hema, akanitazama mimi. "Kwani hajadedi? Si mliandika ameacha bibi na watoto?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamesoma hadi kwenye "ameacha mke", maneno ambayo magazetini huandikiwa maiti, wakaikunja barua. Nilimweleza yaliyobaki, neno kwa neno. Alisikiliza akijikuna kidevu, halafu akauliza kama huyo fundi ana kura. Nilipomwambia hana, aliwapigia vijana wake mluzi, wakaanza kufungua kamba. Kulikuwa na matanga mengine Laini Saba, na hema lilihitajika huko.

Jambo hili linanichoma hadi leo. Walipodhani amekufa hawakuuliza kama ana kura, kwa sababu sisi waombolezaji tunazo. Lori lilikuwapo, mafuta yalikuwapo, spika zilikuwapo. Walipojua yuko hai, kila kitu kikarudishwa garini, na mimi nikaonekana mkorofi niliyewapotezea wakati. Aibu ilikuwa yao, lakini hakuna aliyeishika.

Viti vilipokuwa vikipakiwa, yule mama aliinuka, akashika ubao wa nyuma wa lori. "Mimi siko mujane," alimwambia yule jamaa. "Mwende mumwambie mukubwa wenu." Jamaa akamtoa mkono taratibu, lori likaondoka.

Siku hiyo hiyo nilimsindikiza kituoni, ili amwone mumewe kwa macho yake. Tuliambiwa ameondolewa alfajiri na gari la kwenda kambini. Wakati sisi tunafungiwa hema, yeye alikuwa barabarani.

Mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, wa kike. Baba yake alimsikia akilia kwenye simu yangu, mtandao ukikatika kila mara, na kila ulipokatika mama alirudia kumwambia kwamba mtoto anafanana naye.

Nimewaandikia tena, wote. Barua ya sasa inaanza hivi: mtu huyu yuko hai. Hakuna lori lililokuja.