Fangasi Kwenye Kamera ya Marehemu

Saa tatu asubuhi, baridi ya Songea bado haijaachia, na Otilia Ngonyani ameinamia lenzi kibarazani kwake Lizaboni. Anaimulika kwa tochi ya simu, anafumba jicho moja na kuchungulia. Ndani ya kioo kumetanda weupe wenye matawi, kama mizizi ya mche mchanga.

"Fangasi," anasema. "Kama imeshakula kioo au bado, hilo ndilo la kujua."

Mwenye lenzi ni Biasha, binti aliyetoka Namtumbo alfajiri. Kamera ilikuwa ya baba yake, mpiga picha wa harusi aliyefariki mvua zikianza. Ndugu waliifunga kwenye mkoba wa ngozi, wakaitia sandukuni kungojea mirathi. Walipokaa kugawana, mvua zilikuwa zimekwisha. Biasha anataka kuishi kwa kazi ya baba yake, na lenzi aliyonayo ni hiyo moja tu.

Otilia hahitaji kusimuliwa zaidi. Mume wake, Aidan, alikuwa na studio ya picha Bombambili. Alipofariki, ukoo ukasema vitu vya marehemu havishikwi mpaka msiba umalizwe. Ulimalizwa masika yote yamepita. Lenzi tatu zilizofungiwa kwa heshima zote zilitoka zimepofuka.

"Hakuna aliyefanya kwa ubaya," anasema. "Ila fangasi haijui msiba. Giza, unyevu na ngozi, kwake hiyo ni sikukuu."

Fangasi hiyo iliwahi kumliza, na hilo halifichi. Lenzi ya kwanza aliifungua kwa bisibisi za mumewe, akaivunja. Ya pili ilimfundisha. Ya tatu ikapona, na habari zikasambaa hadi Mbinga. Siku hizi anatoza shilingi elfu ishirini kwa lenzi, na wateja wake wengi ni wafiwa. Kufa kufaana, majirani humtania, naye hucheka tu.

Pete ya mbele ya lenzi ya Biasha inagoma, kisha inalegea. Otilia anatoa vioo kimoja kimoja na kuvilaza kwa mpangilio kwenye kitambaa safi, maana ukikosea mpangilio umeharibu kila kitu. Analowesha pamba kwa dawa, anafuta kutoka katikati kwenda nje. Kioo cha kwanza kinatakata. Cha pili nacho. Cha tatu utando unatoka, lakini pembeni linabaki doa ambalo halifutiki. Hapo kioo kimeshaliwa.

Biasha anauliza kwa sauti ndogo, "Mama, ndiyo basi tena?"

"Si basi, mwanangu. Usipige ukilielekea jua. Kwingine kote itakufaa."

Binti anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Otilia anamwachia ajitulize, kisha anampa masharti. Mkoba wa ngozi autupe. Kamera ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Tena isikae bure. Kila wiki itoke ipige picha, hata ya kuku.

Baada ya mavuno, ukoo wa Aidan utakaa Maposeni, na Otilia amejipanga kusimama mbele ya wazee. Ataomba vifaa vya kazi vya marehemu vikabidhiwe mtu wa kuvitunza hadi siku ya kugawana. Shemeji yake Kajetani, msemaji wa ukoo, ameshamwonya kwamba mila haibadilishwi na mwanamke aliyeolewa tu kwenye ukoo. Otilia anasema hilo halimnyimi usingizi.

"Nimemwambia, shemeji, siku nikienda mimi lieni mtakavyo," anasema, akifunga pete ya mwisho. "Ila kabla hamjafunga mlango wangu, toeni lenzi nje zipate jua."